Kipa Hatoki

SEHEMU YA TISA

Tulimwacha Honi juu ya uzio wa uwanja wa mazoezi, msomaji, mguu mmoja kwa mashabiki, mguu mwingine kwa wachezaji, gauni limenasa kwenye waya na jukwaa zima limemkodolea macho.

Kwa uliyechelewa kuanza safari nasi: Honi ni msusi. Saluni yake iko jirani na uwanja, na sauti yake ndiyo inayoongoza nyimbo za mashabiki wa Nungunungu. Mdogo wake wa kiume, tumbo moja baba mmoja, anaitwa Komeo, kipa namba moja wa timu hiyo tangu enzi ambazo wengine wenu mlikuwa bado mnafungiwa kamba za viatu. Asubuhi ile Komeo aliingia chumba cha kuvalia akaikuta jezi yake mwilini mwa kipa mpya, kijana mrefu ambaye mashabiki wameshambatiza Twiga. Komeo aligeuka palepale. Alitoka, akaenda golini, akaketi chini katikati ya milingoti, akafunga mikono kifuani.

Mechi ya mazoezi ikakwama. Wachezaji wakashika viuno. Kocha mpya akaligeukia jukwaa, akamnyooshea Honi kidole.

"Wewe ndiye dada yake. Njoo umtoe!"

Ndipo Honi alipoparamia uzio na kunasa. Sasa waya ukaachia. Gauni likachanika hadi gotini. Honi akatua kwenye nyasi.

Jukwaani, Bucha, yule muuza nyama anayepiga ngoma, alipiga pigo moja tu, kama anayebisha hodi.

Honi akavuka uwanja na malapa yake ya saluni. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Atamwambia aache utoto. Atamwambia mama yao ana presha. Atamwambia mwanamume mzima haketi chini mbele ya watu kama mwali.

Akafika.

"Inuka."

"Siinuki."

"Kocha kasema nikutoe."

"Basi nibebe."

"Nikubebe na huo mwili? Huu mgongo ndio unaonilisha."

Komeo nusura acheke. Kisha akainamisha uso, na Honi akaona kwamba mambo si ya utani.

"Dada, wangeniambia. Basi tu, wangeniambia. Mtu angenikalisha akasema, Komeo, tumeleta mwenzako, piganieni namba. Ningepigana! Mimi na kupigania namba hatujaanza leo. Lakini tangu kambi ifunguliwe nimetupwa kwa timu ya vijana. Kocha hajaniona nikidaka hata mpira wa kutupiwa kwa mkono. Leo nakuta mtu kavaa jezi yangu, naambiwa kapewa na Katibu wa klabu."

Yale maneno yote aliyoyapanga Honi yakayeyuka.

Akalikusanya gauni lake lililochanika, akaketi chini kando ya mdogo wake, katikati kabisa ya goli.

Jukwaa likalipuka.

"Dada! Unafanya nini?"

"Nimechoka kusimama. Sogea."

Kocha akaja mbio, kofia mkononi, shingo imemvimba.

"Nilikuita umtoe, sikukuita umsindikize!"

"Hatoki."

"Unasemaje?"

"Kipa hatoki, Kocha. Mpime kwanza. Wapime wote wawili, hapahapa, tukiwaona. Huyu akishindwa, nitamtoa mimi mwenyewe kwa sikio na hutasikia kelele zangu tena."

"Timu yangu haipangwi na mashabiki!"

"Wala isipangwe na Katibu."

Kocha akakunja uso.

"Katibu ameingiaje hapa?"

"Si ndiye aliyegawa jezi?"

Kocha akamtazama Komeo. Akageuka kukitazama kibanda cha viongozi, ambako Katibu, suti ya kijivu na miwani ya jua, alikuwa ghafla na shughuli nyingi kwenye simu yake.

"Mimi," alisema Kocha polepole, "niliambiwa umeiachia mwenyewe. Niliambiwa umechoka. Kwamba unastaafu, na umeomba usisumbuliwe, ndiyo maana unafanya mazoezi na vijana."

"Nani? Mimi nistaafu?"

Komeo akaruka juu kama aliyekalia kaa la moto. Hivyo ndivyo kipa alivyotoka golini, wasomaji wangu. Hakutolewa na mtu. Alitolewa na uongo.

"Nistaafu kwa lipi? Nina goti bovu? Nimeota mvi? Leteni hiyo mipira!"

Kocha akavaa kofia yake.

"Kila mmoja kipindi kimoja," alisema. "Na hiyo jezi ivuliwe. Mtadaka na fulana za mazoezi, wote."

*

Honi alirudi jukwaani akipokewa kwa mbinja. Mtu akamvua shingoni skafu, akamfunga kiunoni kusitiri pale palipochanika.

Mechi za maandalizi ni tamu kwa sababu kila shabiki ni kocha. Hakuna pointi, hakuna kombe, kuna midomo tu.

"Huyu winga mpya," alisema Bucha, "anakimbia kama katumwa dawa. Tatizo dawa yenyewe anaisahau dukani. Angalia, mpira kauacha!"

"Mpe muda," alidakia shabiki wa nyuma. "Mimi namhofia mshambuliaji. Tangu kambi ianze hajafunga hata kamba za viatu."

"Beki wa kati je?"

"Yule? Yule ni ukuta. Hasogei kama ukuta, hageuki kama ukuta."

Watu wakavunjika mbavu. Honi hakucheka. Macho yake yalikuwa golini.

Komeo alikuwa ameanza kuongea. Hilo tu lilimtosha. Mdogo wake akiwa sawa huongea uwanja mzima, anawapanga mabeki kama mama anayepanga wageni ukumbini. "We kushoto! Mtu mgongoni! Niachie! Yangu!" Ikapigwa krosi, akapaa juu ya vichwa, akaichuma. Ikapigwa nyingine, akaipangua kwa ngumi hadi katikati. Kisha likaja lile shuti la karibu, mpira unamgonga beki, unabadili njia, kila mtu ameshashika kichwa, na Komeo aliyekuwa anaanguka kulia akauzuia kwa unyayo wa mguu wa kushoto.

"Mstaafu huyo!" Honi akapiga kelele kuelekea kibanda cha viongozi. "Mwoneni mstaafu wenu!"

Jukwaa likaipokea. "Msta-afu! Msta-afu!" Katibu akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

Kipindi kikaisha bila bao. Komeo akatoka akitembea kifua mbele.

Akaingia Twiga.

Honi, niwaambie ukweli wake, alikaa akimwombea mabaya. Ateleze. Mpira umponyoke mikononi. Apige hewa. Si dua kubwa, alijitetea moyoni, ni kuteleza tu.

Twiga hakuteleza. Alidaka vizuri, si kama Komeo, hakuwa na lile jicho la krosi na mdomo wake ulikuwa mzito kuita. Lakini mpira ulipofika miguuni mwake, kitu fulani kikabadilika uwanjani. Washambuliaji wawili walimvamia. Makipa wengi wangebutua mpira utoke nje. Twiga akamdanganya wa kwanza kwa bega, akamwacha wa pili akila nyasi, akainua kichwa, akapiga pasi ndefu ya chini iliyopita katikati ya watu na kumkuta yule winga msahaulifu mguuni. Safari hii winga hakuusahau.

Bao!

Jukwaa lilikaa kimya kwanza, kwa sababu ya adabu. Walimwogopa Honi.

Na ndani ya kimya hicho, mtu mmoja akapiga ukelele wa furaha, mrefu, wa kutoka tumboni.

Alikuwa Honi.

Mdomo ulimponyoka. Alipoufunika kwa viganja ilikuwa imeshachelewa. Pale benchi, Komeo aliyekuwa akinywa maji aliishusha chupa. Anaijua sauti ya dada yake katikati ya maelfu ya sauti. Akageuka, akamtazama.

*

Walikula kwa mama yao mchana huo, Kocha akiwa bado hajatoa uamuzi. Nasema walikula, lakini aliyekula ni mama peke yake.

"Semeni," alisema mama. "Nyumba hii haina vikao vya kimya."

Komeo akasukuma sahani.

"Dada, nikuulize kitu. Nijibu kama shabiki, usinijibu kama dada."

"Usiniulize."

"Nani bora?"

Honi akatafuta kitu cha kufanya na mikono yake. Akamjazia mama maji kwenye glasi iliyokuwa imejaa.

"Kwenye krosi, wewe. Kwenye vurugu za langoni, wewe. Kuongoza mabeki, wala msilinganishwe. Kwenye miguu na kuanzisha mpira, yeye. Na bado anakua."

"Sikuomba unikatie vipande kama nyama ya Bucha. Ungekuwa Kocha, siku ya kwanza ya ligi, nani unampanga?"

"Mdogo wangu..."

"Nani?"

"Yeye."

Kijiko cha mama kiligonga sahani.

Komeo akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi, kama mtu anayekubaliana na habari ya msiba. Akainuka, akanawa mikono, akamwinamia mama akamshika bega, akatoka. Mlango aliufunga kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma Honi.

"Ungemdanganya ungepungukiwa nini?" mama alifoka. "Neno moja tu! Unampa mtoto wa mwenzio namba, wa kwenu unampa ukweli?"

"Mama, Katibu ndiye aliyemdanganya. Wote klabuni wamemdanganya. Na mimi niungane nao?"

Mama akachukua sahani ya Komeo, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka kabatini, ikimsubiri.

*

Kesho yake Honi alikuwa katikati ya kichwa cha mteja, nusu kimesukwa nusu kimesimama, mlango wa saluni ulipotiwa giza na suti ya kijivu.

Katibu hakuketi. Alikitazama kiti, akaziona nywele zilizokidondokea, akaamua kusimama.

"Dada Honi. Naona kazi zinaenda."

"Zinaenda, Mheshimiwa. Unataka kusuka?"

Mteja akabanwa na kicheko. Katibu akatabasamu kwa meno bila macho.

"Jumamosi tunatambulisha kikosi. Tunacheza na Mamba, watani wetu, uwanja utajaa. Nataka jukwaa la kusini liimbe jina la Twiga tangu timu inatoka hadi filimbi ya mwisho. Mimi ndiye niliyemleta kijana huyu, watu wajue. Wimbo nimeshatungiwa. Sikiliza."

Akafungua simu, akakohoa, akasoma kwa sauti ya kutangaza vifo:

"Twiga Twiga mrefu, langoni hodari, tunashukuru viongozi, kwa kazi nzuri."

Mteja akajitazama kwenye kioo kuhakikisha hajaota.

"Mheshimiwa," alisema Honi, "huo wimbo au risala?"

"Uchaguzi wa klabu uko karibu. Nagombea uenyekiti. Nahitaji watu wenye busara karibu yangu. Ukinisaidia, mdogo wako nitamfanya kocha wa makipa wa timu ya vijana. Atakula kwa heshima."

"Na nisipoimba?"

"Jukwaa la kusini lina nyufa." Katibu akatazama dari, kana kwamba nyufa zenyewe ziko pale. "Linaweza kufungwa kwa matengenezo. Msimu mzima."

Honi alishusha kitana.

Wasomaji, hapa ndipo wengi wangeuma midomo wakaitika. Jukwaa lile lilikuwa nyumba yake ya pili. Alianza kuketi pale mabegani mwa baba yake. Na jambo lenyewe aliloombwa hata halikuwa gumu, maana yeye mwenyewe anampenda Twiga. Ameshamshangilia bila kutumwa na mtu, na akaharibu mlo wa mchana kwa ajili yake.

"Mheshimiwa Katibu," alisema, "mimi Twiga namkubali. Jumamosi ningemwimbia hadi nipoteze sauti, na ungekaa kibandani kwako ukijisifu bila kunitumia salamu. Sasa umekuja kuniagiza. Umenitoa hamu."

"Fikiria mdogo wako."

"Ulimfikiria wewe ulipomstaafisha akiwa usingizini? Sikiliza. Mmeshasajili winga, mmesajili beki, mmesajili na mshambuliaji asiyefunga. Mimi hamjanisajili. Sauti yangu haina mkataba na nyinyi, hamwezi kuipanga wala kuiweka benchi. Mlango ulioingilia ndio huohuo wa kutokea, na uangalie ngazi."

"Utajuta."

"Nikijuta nitakuja ofisini kwako, tutajuta pamoja. Haya, mteja wangu ana kichwa nusu."

Katibu akatoka. Ngazi hakuiangalia. Mteja akapiga makofi hadi nywele zikafumuka.

Kabla vicheko havijaisha, mlango ukatiwa giza tena. Safari hii aliyeingia ilibidi ainame.

Twiga.

Nusura Honi amtupie kitana. Lakini kijana alisimama pale mlangoni, mikono hajui aiweke wapi, uso umekunjamana.

"Dada, samahani kuja bila hodi. Nataka ujue ile jezi sikuiomba. Katibu aliniambia kaka Komeo kaniachia kwa baraka zake. Nilifurahi, hata nilimpigia mama yangu simu kumwambia. Nimekwenda chumbani kwake kambini leo kumwomba radhi."

"Amekupokeaje?"

"Hayupo. Godoro lake limekunjwa, kabati tupu. Amebeba kila kitu na hakumuaga mtu."

Honi akaichukua simu yake. Akapiga. Haipatikani. Akapiga kwa mama. "Sahani yake bado iko kabatini," alisema mama.

*

Jumamosi ilifika, Komeo hajulikani alipo.

Mashabiki wa Nungu walifika lango la kusini mchana jua likiwa kali, wamevaa, wamejipaka, na wakakuta mnyororo. Juu yake kibao: JUKWAA LIMEFUNGWA KWA MATENGENEZO. Mlinzi wa pale, mzee mpole, akasema yeye katumwa tu.

"Wapi panatengenezwa?" aliuliza Bucha. "Mbona sioni hata nyundo?"

Watu wakaanza kuusukuma mnyororo. Wengine wakapaza sauti za kuvunja. Honi akapanda juu ya jiwe.

"Hakuna kuvunja! Ndicho anachokitaka, tuvunje atuite wahuni. Jina la Nungunungu tulipewa na maadui kwa kutucheka, tukalivaa likawa letu. Leo katufungia jukwaa letu. Sawa. Jukwaa la Mamba lina mnyororo?"

"Halina!"

"Basi twende tukakae kwa Mamba!"

Kicheko kilichopasuka pale kilisikika mtaa wa pili. Wakazunguka uwanja kwa ngoma, mamia yao, na kuingia lango la kaskazini wakiwa wamevaa rangi za Nungu katikati ya bahari ya kijani ya Mamba. Mamba wakashika vichwa. Wengine wakazomea. Kisha mama mmoja mnene, kiongozi wao wa nyimbo, akasimama na kumtazama Honi kuanzia skafu hadi malapa.

"Wamekufungia kwenu?"

"Wamenifungia."

"Viongozi ni walewale kila mahali. Kaeni. Lakini mkifunga bao, msinishangilie sikioni."

Wakasogea, wakabanana, wakakaa. Kule upande wa pili Katibu aliliona jukwaa lake tupu, jeupe kama meno, na kamera zote za waandishi zikilipiga picha.

Timu zikatoka. Nungu mbele, Twiga golini na fulana ya mazoezi isiyo na namba. Ile jezi aligoma kuivaa. Honi alitabasamu.

Kisha wakatoka Mamba.

"Honi," alisema Bucha. "Honi, usitazame."

Akatazama.

Kipa wa Mamba alikuwa Komeo.

"Katibu alishaitangazia ligi kwamba kastaafu," Bucha alinong'ona, akirudia aliyoambiwa na shabiki wa Mamba aliyekaa kando yake. "Klabu ikamwacha huru. Mamba wamemwokota njiani kama embe lililodondoka."

Yule mama mnene akasimama. "Ko-meo! Komeo wetu!" Jukwaa zima la kijani likapokea, na Honi na watu wake wakazama katikati ya wimbo wa mtu wao ukiimbwa na watani wao.

Kabla ya filimbi Komeo alikuja kwenye goli lililo chini ya jukwaa hilo, ambalo angelilinda kipindi cha pili. Aligusa mlingoti wa kulia, akagusa wa kushoto. Akainua macho na kumwona dada yake amekaa katikati ya Mamba.

Hakuna aliyepunga mkono.

Na akadaka, jamani! Siku ile Komeo alidaka kama mtu anayerudisha matusi. Mshambuliaji wa Nungu alibaki naye ana kwa ana mara mbili, mara mbili akaondoka mikono mitupu. Mapumziko, hakuna bao; timu zikabadilishana magoli. Twiga naye upande wake alikuwa haingiliki. Mashabiki wa Nungu walipiga makofi kwa kila alichookoa Twiga, na wengine, wakijificha, kwa kila alichookoa Komeo.

Mechi ilikuwa inaelekea ukingoni mwamuzi alipopuliza filimbi na kunyoosha mkono. Beki wa Mamba kaushika mpira ndani ya boksi.

Penalti kwa Nungu.

Nani apige? Mshambuliaji akageuka kutazama mawingu. Nahodha akafunga kiatu kilichokuwa kimefungwa. Walikuwa na sababu. Komeo amekaa nao mazoezini misimu yote hiyo, na wale wapya aliwadakia siku ile ya majaribio, anajua kila mmoja wao mpira wake anaupenda upande gani. Alikuwa anawatazama mmoja mmoja na kuwachekea.

Kuna mtu mmoja tu kwenye timu ile ambaye Komeo hakuwahi kusimama mbele ya mguu wake.

Kocha akatoka hadi kwenye mstari, akanyoosha kidole kule mbali, goli la pili.

Twiga akaanza kutembea.

Uwanja ukatulia kidogo kidogo, hadi watu wakasikia viatu vyake kwenye nyasi. Alipita katikati ya uwanja bila kumtazama mtu. Akauchukua mpira, akauweka, akarudi nyuma. Komeo akapanua mikono kwenye mstari. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Anzisha, Honi!" watu wake wakamsihi. "Mwimbie Twiga! Ni timu yako!"

"Mwimbie mdogo wako!" alisema mama mnene wa Mamba, na alikuwa hatanii. "Damu yako ile!"

Katibu, kule kibandani, alikuwa amesimama. Kocha amesimama. Watu wote walisubiri kusikia sauti ile isiyo na mkataba iko upande wa nani.

Mwamuzi akapuliza.

Honi akapanda juu ya kiti. Hakuimba wimbo wa Nungu. Hakuimba wimbo wa Mamba. Aliita jina, lile la nyumbani, ambalo mama yao hulitumia akimwita Komeo ale, jina ambalo hakuna shabiki aliyewahi kulisikia. Aliliita kwa nguvu zake zote, kama anavyoitwa mtu aliyepotea.

Twiga alikuwa ameshaanza kukimbia.

Mguu ukaugonga mpira.

Na Komeo, kwenye mstari wa goli, akageuza kichwa.